Maji Yalipokwisha Kiribani

Miaka sita iliyopita, Jumatano moja baada ya ibada ya jioni, mama mmoja wa usharika wangu alibaki kwenye benchi mpaka watu wote walipotoka. Nilikuwa nakusanya vitabu vya nyimbo. Alikuja mbele, akasimama karibu na madhabahu, akasema bila kuniangalia usoni, "Baba Mchungaji, nimewachoka wanangu."

Mama huyu nilimfahamu vizuri. Ana watoto watatu, na yule wa kati alizaliwa na mtindio wa ubongo. Hawezi kukaa mwenyewe wala kula mwenyewe. Mume wake ni dereva wa lori la masafa marefu, hurudi nyumbani mara moja kwa mwezi, wakati mwingine miezi miwili hupita. Yeye ni fundi wa kushona, na cherehani yake iko sebuleni ili asiwe mbali na mtoto. Sijawahi kusikia mtu akimlalamikia. Akipita na mtoto wake mgongoni, watu husema, "Mama yule ana moyo."

Nami nilimjibu nini? Nilimkumbusha Zaburi ya 127, kwamba watoto ni urithi kutoka kwa Bwana. Nikamwambia kwamba Shetani hupenda kuwaibia wazazi furaha yao, kwa hiyo azidi kuomba. Nikamwombea. Akasema, "Asante, Mchungaji," akajifunga kitenge chake, akaondoka. Nilirudi nyumbani nikiamini nimefanya kazi yangu.

Wiki tatu baadaye mwinjilisti wetu alinijia na habari. Majirani walikuwa wamemkuta mama huyo usiku ameketi chini ya mwembe, hatua kama hamsini kutoka mlangoni kwake. Ndani watoto walikuwa wanalia. Walipomuuliza kulikoni, alisema, "Nimetoka nisije nikawaumiza. Na kurudi ndani siwezi."

Tangu siku hiyo ninatembea na swali ambalo sikulijibu chuoni, ingawa nilisoma theolojia kwa miaka mingi: je, mzazi aliyewachoka watoto wake ametenda dhambi? Kama ametenda dhambi, basi nilimjibu sawasawa: atubu, aombe, ajikaze. Lakini kama hakutenda dhambi, basi nilimtwisha Sheria mtu aliyekuwa na kiu ya Injili, na kwa mchungaji wa Kilutheri hilo si kosa dogo. Naandika kwa sababu naamini wapo wengi katika sharika zetu wanaokaa chini ya mwembe huo, akina mama na akina baba, na kila Jumapili wanatupa mkono mlangoni kwa tabasamu.

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Mwaka 1974 mwanasaikolojia mmoja wa New York, Herbert Freudenberger, aliandika juu ya watu waliokuwa wakijitolea kuwahudumia wagonjwa na wenye shida, ambao baada ya muda waliishiwa kabisa, mwili na moyo. Kilichomshangaza ni kwamba hawakuwa wavivu. Walioishiwa ni wale waliojitoa zaidi. Miaka ya karibuni watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Louvain nchini Ubelgiji, Isabelle Roskam na Moïra Mikolajczak, wameichunguza hali hiyo kwa wazazi, na wametaja alama zake nne.

Ya kwanza ni uchovu mzito unaohusu ulezi wenyewe: mzazi akifikiri tu kwamba kesho kuna asubuhi nyingine ya kuwaamsha, kuwaogesha na kuwapeleka shule, mwili wake unakuwa kama jiwe. Ya pili, anajilinganisha na mzazi aliyekuwa zamani na hajitambui, anasema, "Sikuwa hivi." Ya tatu, amekinai; lile lililokuwa furaha yake sasa halimpi ladha. Ya nne, moyo wake umekaa mbali. Anawapikia, anawafulia, anawalipia ada, lakini yeye mwenyewe hayupo. Huu si uchovu wa siku moja unaoondoka kwa usingizi mzuri. Mzazi aliyefika hapo huanza kuwaza kutoroka, na hatari ya kuwapuuza au kuwaumiza watoto huongezeka, hata kama hapo awali alikuwa mpole kuliko wote.

Niliposoma mambo haya nilimkumbuka mama wa chini ya mwembe, kisha nikamkumbuka mama mwingine, naye ni Hajiri.

Fungueni Mwanzo sura ya 21. Ibrahimu anaamka asubuhi, anampa Hajiri mkate na kiriba cha maji, anamwondoa yeye na mtoto wake. Hajiri anapotea katika nyika ya Beer-sheba. Tazameni sasa mpangilio wa habari yenyewe. Kwanza maji yanakwisha kiribani. Baada ya hapo ndipo Hajiri anamweka kijana chini ya kijiti, anakwenda kuketi mbali, umbali wa mshale kurushwa, kwa sababu hawezi kuangalia mtoto akifa. Anaketi huko, anapaza sauti, analia.

Nimewahi kusikia watu wakimlaumu Hajiri: mama gani anamwacha mtoto porini? Lakini Biblia haisemi kwamba upendo wake ulikwisha. Inasema maji yalikwisha. Umbali ulikuja baada ya maji kwisha, na machozi yake huko mbali yanaonyesha kwamba upendo ulikuwepo bado. Hivi ndivyo ilivyo kwa wazazi wengi walioishiwa. Sisi tunaona umbali, tunahukumu moyo. Hatuulizi kiriba kina nini.

Na Mungu je? Mungu hakumwanzia kwa lawama. Malaika alimwita kwa jina lake na kumuuliza ana nini. Kisha akamwambia asiogope. Ndipo akamwambia ainuke, amwinue kijana na kumshika mkono. Halafu Mungu akamfumbua macho, akaona kisima, akajaza kiriba, akamnywesha mtoto. Mimi siku ile ya Jumatano nilianza na amri. Sikuuliza, "Una nini, mama?" Nilimwambia amwinue mtoto, wakati kiriba kilikuwa kitupu.

Hapa ndipo linapoingia suala la stadi za hisia. Tumezoea kusikia juu ya stadi za maisha; hizi ni sehemu yake. Wataalamu huzitaja kwa namna mbalimbali, ila kwa ufupi ni tano: kutambua hisia iliyopo, kuelewa imetoka wapi, kuisema kwa namna isiyoumiza, kuituliza inapozidi, na kuitumia kwa jambo jema. Na kila moja ina pande mbili: kwa hisia za wengine, na kwa hisia zako mwenyewe. Mtu anaweza kuwa hodari sana upande mmoja na kipofu upande wa pili.

Hilo la mwisho ndilo lililonigusa kuliko yote. Utafiti uliofanywa na kundi hilohilo la Louvain umeonyesha kwamba uwezo wa kusoma hisia za wengine, bila uwezo wa kusoma na kuzituliza hisia zako mwenyewe, haumkingi mzazi; unaweza hata kumsogeza karibu zaidi na kuishiwa. Tukifikiri kidogo tutaona ni kweli. Mzazi anayesikia kila kilio, anayejua kabla mtoto hajasema kwamba leo shuleni kuna jambo, anayesoma uso wa mume, wa mkwe na wa mgeni, huyo anachotewa maji mchana kutwa. Kama hana habari na kiriba chake mwenyewe, atashtuka siku kimekauka.

Sasa tujiulize sisi tumefundishwa upande upi. Malezi yetu yana hekima kubwa ya kuwasoma wengine. Mtoto hufundishwa kuona kwamba mgeni ana kiu kabla hajaomba maji. Binti hufundishwa kujua bibi amekasirika kwa namna anavyonyamaza. Lakini hisia zake mwenyewe? Mvulana akilia huambiwa, "Mwanamume halii." Msichana akikasirika huambiwa, "Utaolewa na nani?" Hata salamu zetu zinatufunza. Ukimuuliza mtu, "Habari za nyumbani?" atasema, "Nzuri tu, ila mtoto amelazwa." Au, "Salama, tumefiwa na bibi." Ni adabu njema, na siitukani, inampa mgeni nafasi ya kuketi kabla ya kubeba msiba wako. Lakini ipo hatari kwamba sisi wenyewe tunaishia kwenye neno "nzuri," na ile "ila" hatuifikii kamwe. Kanisani ndiyo kabisa. "Bwana asifiwe!" "Amina!" Na baada ya amina hakuna anayethubutu kusema kwamba jana usiku alitamani asingezaa.

Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Hisia isiyotajwa haiondoki. Inatafuta mlango mwingine. Inatokea kama kelele kwa mtoto aliyemwaga uji, kama kidonda cha tumbo, kama chupa ya pombe, kama kimya cha baba anayekaa kijiweni mpaka saa nne usiku kwa sababu anaogopa nyumba yake mwenyewe. Mzazi anayeweza kusema mapema, "Nina hasira, na hasira hii si ya mtoto, ni ya deni la ada," tayari amemwokoa mtoto na adhabu isiyomhusu.

Je, jambo hili ni la kizungu tu, limetoka vitabuni? Twendeni kwenye Biblia. Katika Luka 2, Mariamu na Yusufu wanamtafuta mtoto Yesu, na baada ya siku tatu wanamkuta hekaluni. Mariamu hamchapi, wala hajifanyi kwamba hakuna kilichotokea. Anamuuliza kwa nini amewafanyia hivyo, kisha anamweleza kwamba yeye na baba yake walikuwa wakimtafuta kwa huzuni. Mama wa Bwana wetu aliitaja hisia yake mbele ya mtoto, waziwazi, bila tusi. Na Bwana mwenyewe katika Gethsemane, Marko 14, aliwaambia wanafunzi wake watatu jinsi roho yake ilivyojaa huzuni, akawaomba wakae naye. Kama Mwana wa Mungu hakuona aibu kusema ana huzuni na anahitaji watu karibu, mimi na wewe tunaona aibu ya nini?

Yuko pia Musa, Hesabu sura ya 11. Watu wanalilia nyama, na Musa anamgeukia Mungu kwa maneno ya mzazi aliyeishiwa kabisa. Anauliza kama ni yeye aliyewachukua mimba na kuwazaa watu hawa wote, hata aambiwe awabebe kifuani kama mlezi abebavyo mtoto anyonyaye. Anasema mzigo umemzidi, na kama mambo ndiyo haya, ni afadhali Mungu amuue. Haya ni maneno makali kuliko ya mama yule wa Jumatano! Na Mungu hakumwambia Musa kwamba amekosa imani. Alimwambia akusanye wazee 70 wabebe mzigo pamoja naye.

Wapo watakaouliza: je, huku si kujipenda? Yesu hakusema tujikane na tujitwike msalaba? Ni swali la haki, nami sitaki kulipita upande. Kweli tumeitwa kujikana. Lakini kujikana si kujidanganya. Anayejikana anajua anachokitoa. Asiyejijua hatoi, ananyang'anywa kidogo kidogo mpaka anabaki na uchungu. Na amri kuu ya pili inatuambia tumpende jirani kama nafsi zetu. Haisemi badala ya nafsi zetu. Bwana aliwaona wanafunzi wake hawana hata nafasi ya kula, akawaita waende mahali pa faragha wapumzike kidogo, Marko 6. Hakuwaambia kwamba kupumzika ni ubinafsi.

Tena kuna jambo ambalo sisi Walutheri tungepaswa kulijua kuliko wote. Wazazi wengi hawachoki kwa kazi tu. Wanachoka kwa kutaka kuwa wazazi wasio na dosari. Mtoto lazima awe wa kwanza darasani, sare lazima ing'ae, kipaimara lazima kifane, na jirani asipate la kusema. Watafiti wanakubali kwamba kutaka ukamilifu wa namna hii kunasukuma wazazi kwenye kuishiwa. Kwa lugha yetu hii ni kutafuta haki kwa matendo, ila matendo yenyewe sasa ni watoto. Tunahubiri kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani, halafu tunarudi nyumbani kujihesabia haki kwa ripoti ya mtihani. Martin Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1522 juu ya maisha ya ndoa, alieleza kwamba baba anapofua nepi za mtoto wake kwa imani, watu wanaweza kumcheka, lakini Mungu na malaika zake wanafurahi. Kazi ile ile yenye harufu, ikifanywa na mtu aliyekwisha kupendwa, ni ibada. Ikifanywa na mtu anayetafuta kupendwa kwa hiyo, ni utumwa.

Luther huyo mwenyewe na mkewe Katharina walizaa watoto sita. Elisabeth alikufa mchanga mwaka 1528, na Magdalena mwaka 1542 akiwa na miaka 13. Luther alilia, wala hakuficha. Na nyumba yao haikusimama kwa mikono miwili: shangazi yake Katharina aliishi nao na kuwasaidia kulea. Hata nyumba ya mchungaji maarufu kuliko wote wa Matengenezo ilihitaji shangazi.

Hapo sasa niseme jambo la kunitahadharisha mimi mwenyewe. Ni rahisi mchungaji kusoma mambo ya hisia, akaandaa semina, akawaambia wazazi, "Mmechoka kwa sababu hamna stadi." Hiyo itakuwa Sheria ileile iliyovaa nguo mpya. Zamani tulisema huna imani. Leo tutasema huna ujuzi. Mama wa cherehani hakupungukiwa na ujuzi wa kutaja hisia zake. Aliitaja hisia yake kwa maneno manne, "Baba Mchungaji, nimewachoka wanangu," ukiondoa cheo changu ni mawili tu. Aliyekosa stadi ni mimi niliyesikia bila kusikiliza. Na alichopungukiwa yeye ni mkono wa pili. Mkono mmoja haulei mwana. Wazee walilijua hilo bila utafiti.

Nao utafiti unakubaliana nao. Mwaka 2021 ulichapishwa uchunguzi mkubwa wa wazazi katika nchi 42, na ulionyesha kwamba hali hii imeenea zaidi katika jamii ambazo kila mtu hujitegemea na kila nyumba hujifungia mambo yake, ingawa mara nyingi ni nchi zenye mali. Tusiharakishe kujipongeza. Sisi tunaelekea wapi? Bibi yuko kijijini, sisi tuko mjini kwenye chumba cha kupanga. Jirani hatumjui jina. Shangazi tunamwona kwenye harusi na kwenye simu. Tumeuacha ule wigo wa ndugu uliotubeba, na hatujajenga mwingine. Stadi za hisia humfumbua mzazi macho aone kwamba kiriba kimekauka. Hilo ni jambo kubwa, na maisha ya mtoto yanaweza kulitegemea. Lakini akifumbua macho, kisima kiwe kipo. Kisima hicho, wapendwa, kinapaswa kuwa sisi.

Nirudi kwenye swali langu. Naomba nijibu kwa kukiri jambo la nyumbani kwangu.

Jumamosi moja nilizika asubuhi, mchana nikasuluhisha ugomvi wa ndugu juu ya shamba, jioni nikakaa na vijana wawili waliotaka kufunga ndoa. Siku nzima nilisoma nyuso za watu. Nilijua nani analia kwa kweli na nani analilia urithi. Nilipofika nyumbani, mwanangu, wakati huo ana miaka tisa, alinikimbilia na daftari la hesabu. Aliuliza swali lile lile mara ya tatu. Nilimpiga kofi, na daftari nikalitupa. Hakulia. Aliniangalia tu kama mtu anayemtazama mgeni. Mke wangu aliokota daftari, akasema kwa sauti ndogo, "Baba, watu wote wamekupata leo isipokuwa sisi."

Nilikaa kwenye gari dakika kadhaa. Nilipojiuliza nina nini, sikuwa na jibu la haraka, mimi ninayewauliza wengine kila siku. Polepole nikaona kwamba ilikuwa huzuni. Mtu niliyemzika asubuhi alikuwa rafiki yangu, na sikuwa nimemlilia. Nilirudi ndani, nikapiga magoti ili macho yetu yalingane, nikamwambia mwanangu, "Baba alikuwa na huzuni, akakupiga wewe ambaye hukukosa. Nimekosa. Nisamehe." Akanisamehe. Bado naikumbuka ile namna alivyoniangalia.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kuchoka si dhambi. Kuwachoka watoto, kutamani kukimbia, kuona moyo umekauka, hayo ni maombolezo, na Zaburi zimejaa maombolezo ya namna hiyo. Mungu hayakemei, anayasikiliza. Lakini kofi lilikuwa dhambi. Hisia ni ya kuombolezwa, tendo baya ni la kuungamwa. Tukivichanganya tunaharibu vyote viwili: tunamfanya mtu atubie machozi yake, na tunamwacha mwingine akitetea kofi lake kwa kusema, "Nilikuwa nimechoka." Uchovu wangu unaeleza kilichotokea, haukunipa ruhusa. Na ndiyo maana kujifunza kutambua hisia zetu ni wajibu mbele za Mungu: kati ya hisia na tendo pana nafasi ndogo, na mwenye kujua kilicho moyoni mwake anaweza kusimama hapo kidogo, akatoka nje, akavuta pumzi, akamwita mtu.

Mzazi unayesoma haya, jioni, kabla ya kuwauliza watoto siku yao ilikuwaje, jiulize wewe. Usikubali jibu la "nzuri"; nenda mpaka kwenye "ila." Mpelekee Mungu hiyo "ila" kama ilivyo, bila kuipamba, kisha mpelekee mtu mmoja unayemwamini. Ukikasirika, mwambie mtoto umekasirika kabla mkono haujamwambia. Ukimkosea, mwombe msamaha. Hutapungukiwa heshima, bali utamfundisha toba kuliko darasa lolote la kipaimara. Na kama mawazo ya kuwadhuru watoto au kujidhuru yanakujia, usiyafiche, wala usingoje ibada ya maombezi. Mwambie mtu leo, wafikishe watoto kwa mtu salama, uende hospitali. Daktari naye ni mkono wa Mungu.

Akina baba, nasema nanyi kama mwenzenu. Kupeleka fedha nyumbani ni kujaza kiriba nusu. Nusu nyingine ni kuwepo.

Na sisi usharika, kila tunapobatiza mtoto, wasimamizi husimama na kuahidi, nasi tunashuhudia. Je, msimamizi wa ubatizo anajua mtoto yule alilala saa ngapi jana? Jumuiya zetu hukutana kila wiki, tunasoma Neno, tunatoa sadaka, tunatangaza michango. Tunaweza pia kuuliza swali la malaika: una nini? Kisha tunyamaze mpaka tujibiwe.

Kwa mama wa cherehani nilikwenda, nikiwa nimechelewa. Nilimwomba msamaha kwa maneno yangu ya Jumatano ile. Hakusema lolote kwa muda, aliendelea kunyoosha kitambaa. Kisha akasema mambo mengi, na safari hii sikumkatisha kwa andiko. Jumuiya yake ilipanga zamu: Jumanne na Ijumaa mchana wanawake wawili huja kukaa na mtoto, na siku hizo yeye hulala, au huenda sokoni, au hukaa tu. Wazee wa kanisa walizungumza na mume wake, naye aliomba njia fupi zaidi. Alikaa mwaka mzima bila kuipata, na hata sasa yuko nyumbani siku chache kuliko tunavyotaka. Mtoto hajapona. Sina muujiza wa kuwasimulia. Nilipomuuliza mwaka jana anaendeleaje, alisema, "Mchungaji, kuchoka bado nachoka. Ila sasa nachoka nikiwa na watu."

Tuombe. Ee Mungu uliyemwona Hajiri nyikani, waone wazazi ambao maji yamekwisha kiribani mwao. Waulize wana nini, nasi utufundishe kuuliza. Usamehe mikono iliyowaumiza watoto, na makanisa yaliyowaumiza wazazi. Utufumbue macho tukione kisima, na ututie moyo wa kumchotea jirani. Kwa jina la Yesu Kristo, aliyechoka akaketi kisimani, akaomba maji. Amina.